Kabla ya Kufungua Injini, Tazama Moshi

Masika yalipomalizika, mashua yetu ya Mkokotoni, ambayo ilikuwa imelala nangani miezi miwili na zaidi, ilianza kutoa moshi mweusi kama wa mpira unaochomwa, tangu tulipoondoka pwani hata tukafika Tumbatu. Nami, kwa pupa ya mtu asiyependa kuambiwa hajui, nikahukumu papo hapo kwamba nozeli zimekufa. Zikafunguliwa, zikapelekwa kupimwa, nikalipa, zikarudishwa mahali pake, na moshi ukawa ule ule.

Ndipo baharia mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa shetri akitengeneza mshipi wake, aliponiuliza swali ambalo laiti ningalijiuliza mwenyewe kabla ya kufungua mkoba: “Mwanangu, ukiitoa gia, moshi upo?” Haukuwapo. “Basi piga mbizi ukatazame chini.”

Nilikuta mkuku umevaa mwani wa urefu wa kiganja, na kila ubawa wa rafadha umegandwa na vile vikombe vigumu vya chokaa vikatavyo mikono kama wembe. Maadamu chombo kilikuwa kizito, pampu ilizidi kumimina dizeli ili kuushinda uzito huo, na hewa ya kuichoma haikutosha. Kwani moshi mweusi si kitu ila masizi ya dizeli iliyokosa hewa. Tuliipweleza mashua kwa maji ya bamvua, tukaikwangua, tukaipaka deheni, na moshi ukaisha bila ya spana kugusa nati. Siku hizi, nikiuona weusi, hutazama kwanza chini ya maji, kisha filta ya hewa, ambayo huiondoa kwa dakika chache nione kama moshi utapungua. Nozeli huzifikiria mwisho.

Moshi mweupe una hila zaidi, kwa kuwa ni vitu viwili vyenye sura moja, na hapo pua ni hakimu mwadilifu kuliko jicho. Ukinuka dizeli na kuwasha macho, na juu ya maji ukaacha utando wenye rangi za upinde wa mvua, basi mafuta yanatoka mabichi. Injini aliyoibuni Rudolf Diesel (ambaye, ajabu ya Mungu, alipotea baharini mwaka 1913, yumo melini akielekea Uingereza) haina plagi ya kuwasha moto: huibana hewa hata ikabaki kiasi cha sehemu moja katika 16 au 20, ikapata joto la kuiwasha dizeli yenyewe. Chochote kipunguzacho joto hilo, kama baridi ya alfajiri, ringi zilizochoka au vali isiyofunga, huleta weupe. Ukiisha baada ya dakika chache, uache. Usipoisha, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, injini ikiwa inanguruma polepole, ukiifunika kwa kitambaa na mkono ukiwa mbali, kwa sababu dizeli ya shinikizo hupenya ngozi: silinda ambayo ukiikatia mafuta sauti haibadiliki, ndiyo mgonjwa. Injini mpya ziendeshwazo kwa kompyuta usizifanyie mchezo huo kabisa.

Weupe usionuka, unaoyeyuka hewani mara moja, ni mvuke. Tazama maji yanayotemwa na bomba la moshi. Yakiwa haba, chujio limezibwa na mwani au mfuko wa plastiki, au impela ya pampu ya maji imekatika meno. Yakiwa tele, ilhali tangi la maji matamu linatoa mapovu na oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda. Zima, tweka tanga kama unalo.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huonekana vyema ukiwa na mikoko nyuma yake kuliko mbingu. Pima oili kwa kijiti kwanza, kwani aghalabu kosa ni la aliyejaza oili kupita alama. Injini yetu hutoa pumzi moja ya buluu kila asubuhi, kisha husafika. Ni ringi, nazijua. Fundi amekwisha nitajia bei yake, nami nimemwomba angoje mpaka kaskazi, na chini ya ubao wa kukalia nimeweka kidumu cha oili.