Baada ya Upasuaji wa Kifuko cha Nyongo: Taja Maumivu Yako kwa Nambari

Kifuko cha nyongo kiko chini ya ini. Huhifadhi nyongo, majimaji yanayosaidia mwili kusaga mafuta. Mawe yakijiunda humo na kuleta maumivu ya mara kwa mara, daktari anaweza kushauri kitolewe. Ini huendelea kutengeneza nyongo, hivyo mtu huishi vizuri bila kifuko hicho.

Kwa nini mwili huuma?

Mara nyingi upasuaji hufanywa kupitia matundu madogo. Tumbo hujazwa gesi ya kabonidioksidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Gesi hiyo hukandamiza mishipa ya damu, na ikitolewa damu hurudi kwa kasi. Hali hiyo, pamoja na jeraha lenyewe, huzalisha chembe kali za oksijeni zinazoharibu mafuta kwenye utando wa seli. Mabaki ya uharibifu huo, kama malondialdehaidi, hupimwa katika damu.

Watafiti huchunguza uhusiano kati ya vipimo hivyo na maumivu. Hata hivyo, wadini muuguzi hategemei damu kujua unaumia kiasi gani. Hutegemea kauli yako.

Sema nambari

Sufuri ni kutokuwa na maumivu. 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuwazia. Taja nambari ukiwa umetulia, kisha ukikohoa au kuinuka. Kuvumilia kimya kuna hatari: anayeogopa kuvuta pumzi ndefu anaweza kupata nimonia, na asiyetembea anaweza kuganda damu miguuni.

Usishangae bega likiuma. Gesi iliyobaki husumbua msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, na neva ya msuli huo hutoka shingoni, karibu na zile za bega. Maumivu hayo kwa kawaida huisha baada ya siku chache.

Dawa nyumbani

• Tumia dawa kwa saa ulizoelekezwa. Usingoje maumivu yakulemee.

• Parasetamoli: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito mdogo aulize kipimo chake.

• Ibuprofeni na diklofenaki ni za jamii moja, usizichanganye. Mweleze daktari kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au ujauzito.

• Tramadoli na mofini ni za maumivu makali, kwa maagizo ya daktari pekee. Huleta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo. Usiendeshe gari wala pikipiki unapozitumia, na usinywe pombe.

Rudi hospitalini mara moja ukiona:

• maumivu ya tumbo yanazidi badala ya kupungua;

• homa au kutetemeka;

• macho ya manjano au mkojo mweusi kama chai ya rangi;

• kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba, au kidonda kutoa usaha;

• kushindwa kupumua vizuri, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Huenda nyongo inavuja, jiwe limebaki kwenye mrija, au damu imeganda. Usizime dalili hizi kwa dawa za dukani. Beba dawa unazotumia na karatasi uliyopewa ulipotoka wadini, na umweleze mhudumu nambari ya maumivu ilivyokuwa jana na ilivyo leo.