SOMO LA ROBO HII: MENYU MOJA KWA KURASA ZOTE



Katika toleo hili tunazungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini linagusa uaminifu kati yetu. Nalo ni menyu, yaani ile orodha ya vichwa iliyo juu au pembeni mwa ukurasa wa kompyuta, inayomwonyesha msomaji njia.

Kurasa zetu za ndani hutunzwa kwenye kompyuta ya ofisi. Nakala hupelekwa parokiani Ngara na Biharamulo kwa flashi, kwa kuwa si kila mahali pana intaneti ya kutegemewa. Hapo awali kila aliyetengeneza ukurasa aliandika menyu yake. Mmoja aliandika "Hesabu", mwingine "Fedha", na mwingine alisahau kabisa. Kamati moja ilifungua ukurasa wa mradi wa maji ikitaka kujua matumizi ya michango ya waumini, isione pa kubonyeza. Wakahisi kuna kinachofichwa. Taarifa ilikuwepo, ila mlango wake haukuonekana. Kosa lilikuwa letu.

Mfano kutoka halmashauri

Machi 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara. Zilijengwa kwa mfumo mmoja wa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 imekuwa Mamlaka. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zilikuwa miongoni mwake. Vichwa kama Utawala, Miradi na Machapisho vilipangwa kwa namna moja, hivyo aliyezoea tovuti ya wilaya moja hapotei katika ya pili. Ni kama ibada: muumini wa Rulenge akisali Nyakanazi anajua kinachofuata, kwa kuwa utaratibu ni ule ule.

Kazi inavyofanyika

Tuchukue mfano wa ofisi yenye kurasa 40. Kuongeza neno moja kwenye menyu kwa mkono ni kufungua mafaili 40, na mtu akichoka ataruka mawili matatu. Kazi hii inafaa kufanywa na skripti, yaani maandishi mafupi ya amri ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua:

1. Menyu huandikwa mara moja tu, katika faili moja.
2. Kila ukurasa huwekwa alama mbili, pale menyu inapoanzia na inapoishia. Msomaji hazioni alama hizo.
3. Skripti hufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, hufuta kilicho kati ya alama, huweka menyu mpya, kisha huhifadhi.

Ofisi yenye seva inaweza kuiachia seva iweke menyu kila ukurasa unapofunguliwa. Njia hiyo ni nzuri, lakini ukurasa ulionakiliwa hivi hivi kwenye flashi hauna seva ya kuusaidia, nao utafunguka bila menyu. Ndiyo maana sisi tunaandika menyu ndani ya kurasa zenyewe kabla ya kunakili.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, njia za mafaili. Ukurasa ulio ndani ya folda ya "maji" ukiambiwa ufungue faili la fedha, utalitafuta ndani ya folda yake wala hautalipata. Skripti lazima ihesabu ni folda ngapi za kurudi nyuma.

Pili, kurasa zisizo na alama. Skripti isizipite kimya, bali itoe orodha yake ili mtu azirekebishe.

Tatu, nakala ya akiba. Skripti yenye kosa hueneza kosa hilo kwenye kurasa zote kwa sekunde chache. Tunza nakala kwanza, jaribu ukurasa mmoja, ndipo uendelee.

Nne, nakala za zamani. Flashi iliyopelekwa parokiani miezi mitatu iliyopita haitajibadilisha yenyewe. Kila ukurasa uandikwe tarehe ya nakala.

Lakini skripti haiwezi kuamua menyu iwe na nini. Hiyo ni kazi ya watu kukaa na kukubaliana. Sisi tumekubali kwamba "Taarifa za Fedha" iwe kwenye kila ukurasa, iwe ni mradi wa maji, elimu au afya. Aliyetoa shilingi elfu moja kanisani na aliyetuma msaada kutoka ng'ambo wana haki ya kupita mlango ule ule.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mgeni akifungua kurasa zetu, ataipata taarifa ya fedha bila kuuliza?
2. Ni maneno gani kwenye menyu ambayo waumini wetu hawayaelewi?
3. Nani katika parokia yetu atahakikisha nakala ya zamani imeondolewa?

 Maswali yenu ndiyo yaliyotuonyesha kosa hili, na tunaomba muendelee kutuuliza.