Wapige Picha Usiku, Lakini Masasi Ionekane

Mdogo wangu wa Lisekese, nimekusoma. Bendi ya vijana wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja, inapita Masasi na kesho yake inapanda Newala. Wamekuomba uwapige picha mitaani usiku, nawe unasita kwa sababu kamera yako ni ya kawaida na huna taa za studio. Nenda. Ila fleshi iache kwenye begi.

Fleshi ya usoni itakupa nyuso nyeupe na giza tupu nyuma yake, picha ambayo vijana hao wangeipiga kwao Sinza, Dar es Salaam, bila kupanda basi. Kwako wanataka Masasi. Mtafute muuza chipsi mwenye taa nzuri, mwombe ruhusa, na ukiweza mnunulie chochote. Msimamishe mpiga gitaa hatua moja kutoka kwenye banda, uso aelekeze kwenye taa na mgongo barabarani. Kisha tulia. Bodaboda ikija nyuma yake, mwanga utamzunguka mabegani na vumbi la kiangazi litaonekana likielea. Bonyeza hapo hapo, maana haidumu.

Kama una lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, ifungue yote, na ISO ipandishe hata 3200. Chenga kidogo zinavumilika. Picha iliyotikisika hairekebishiki. Angalia pia taa za maduka. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukikuta michirizi myeusi imekatiza picha, rudisha shata kwenye 1/100 au 1/50. Na ukifuatana nao Newala, kule juu usiku kuna baridi: ukitoka nje ukaingia ukumbini kwenye joto la watu, lenzi itashika ukungu. Iache kwanza ndani ya begi lililofungwa, izoee taratibu.

Nakusisitizia mtaa kwa sababu ya mpiga picha Jean Depara wa Kinshasa. Mwaka 1954 mwanamuziki Franco alimchukua awe mpiga picha wake. Angeweza kubaki jukwaani na mkubwa wake, lakini aligeuza kamera kwa wanywaji, mabinti waliopendeza, vijana na magari yao. Leo watu wanazitazama picha zake waione Kinshasa ya miaka ile. Sisi wa kusini msimu wa korosho hatukosi muziki, lakini jaribu kutafuta picha za usiku wa msimu huo. Inaniuma. Kwa hiyo hata bendi wakikuhimiza uwapige wao tu, mwache muuza mishikaki aingie kwenye fremu, na watoto waliosimama kushangaa gitaa pia, mradi wazazi wao wamekubali.

Sasa usalama, na hapa nakuomba unisikilize kama dada yako wa damu. Usitoke peke yako na wanaume usiowajua, hata kama nyimbo zao unazijua zote. Nenda na kaka yako au rafiki, chukua bodaboda anayefahamika mtaani kwenu, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema ili sungusungu wasiwashangae. Kituo cha polisi na benki usivielekezee kamera kabisa.

Malipo mpatane kabla ya picha ya kwanza: picha ngapi, utazikabidhi lini, jina lako litaandikwa wapi, na kama wataitumia moja kwenye jalada la albamu wataongeza kiasi gani. Andikianeni, hata kwa meseji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu picha kuwa kazi ya sanaa, kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie umebonyeza kitufe tu. Na hela yako uipokee kabla basi lao halijatoka stendi.