Wazee Wetu na Saa za Mchana

Somo letu la mwezi huu lawahusu wazee walio majumbani mwetu, hasa wale ambao bado wana akili zao na nguvu kiasi, lakini kutwa nzima hawana la kufanya. Asubuhi vijana huenda kazini na watoto huenda shuleni. Mzee huachiwa chai katika chupa na chakula kilichofunikwa, mlango ukarudishwa, naye hukaa hapo mpaka jioni. Hapigwi, halali na njaa, wala hakuna atakayesema kwamba ametupwa. Hata hivyo twaona jinsi anavyodhoofika mwaka hata mwaka, nasi twasema ni uzee. Je, ni uzee tu?

Daktari mmoja wa Uingereza, Marjory Warren, alikutana na swali hilo mwaka 1935. Katika hospitali ya West Middlesex, London, alikabidhiwa wodi zilizokuwa za nyumba ya maskini, zenye wagonjwa 714, wengi wao wazee waliolala tu. Alimpima kila mmoja. Akakuta kwamba wengi walikuwa wamefungwa kitandani na kule kulala kwenyewe: viungo vimekakamaa, misuli imekwisha, na moyo umekata tamaa. Akaagiza wanyanyuliwe, wafundishwe tena kusimama na kutembea, na wodi zipendezeshwe. Baadhi ya watu hao, ambao walihesabiwa kuwa wa kufia humo, wakarudi makwao.

Jambo hilo limepimwa tena baadaye. Mwaka 2007 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi wa watu wenye afya, wastani wa umri wao miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Kwa siku hizo 10 walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Basi fikiri mama wa miaka 78 anayekaa kwenye kiti kile kile toka Pasaka hadi Krismasi.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kituo cha kutwa. Kama vile shule ya kutwa ilivyo tofauti na ya bweni, katika kituo hiki mzee hufika asubuhi na jioni hurudi kulala kwake. Huko Oxford, Daktari Lionel Cosin alianzisha hospitali ya kutwa ya wazee katika miaka ya 1950. Baadaye wazo likavuka bahari hadi San Francisco, katika mtaa wa Wachina. Familia nyingi za huko hazikutaka kuwapeleka wazazi katika nyumba za kutunzia wagonjwa, ambako lugha ni ya kigeni na chakula ni cha kigeni. Mwaka 1971 daktari wa meno William Gee, mfanyakazi wa ustawi wa jamii Marie-Louise Ansak na wenzao wakaanzisha chama cha On Lok, na mwaka 1973 kituo chao kikafunguliwa. Gari lilipita kuwachukua wazee. Kituoni walipata chakula cha moto walichokizoea, waliangaliwa na daktari, walifanya mazoezi, walizungumza na kucheza na wenzao wa lugha yao. Mpango huo ulifaa hata mwaka 1997 serikali ya Marekani ikauweka katika sheria ya bima ya afya ya wazee. Na angalieni: wanaopokelewa katika mpango huo ni watu ambao hali yao ingestahili kuwalaza katika nyumba za wagonjwa, nao walio wengi wanaishi majumbani mwao.

Kituo kama hiki hakimnyang'anyi mtoto wajibu wake. Binti anayemwuguza mama yake usiku, kisha mchana aenda sokoni huku roho ipo nyumbani, naye hupata nafuu. Ni rahisi kusahau kwamba mlezi naye huzeeka.

Sasa, mzee akifika kituoni afanye nini? Hapa pana kosa jepesi kuangukia, yaani kuwafanya wazee watoto wadogo. Mtu aliyelea watoto saba na kujenga nyumba hapendi kupigiwa makofi kwa sababu amepanga maharagwe katika sahani. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walieleza habari za nyumba moja ya wazee huko Connecticut. Wazee wa kundi moja waliambiwa wajiamulie mambo yao, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa kundi la pili walipewa mmea pia, lakini wauguzi ndio walioumwagilia maji. Baada ya majuma matatu wale wa kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Kundi lilikuwa dogo, na uchunguzi mmoja hautoshi kuthibitisha kila kitu, lakini mimi sioni ajabu. Bibi anayejua kusuka ukili apewe ukili, na mkeka wake utandikwe mahali utakapokaliwa na watu. Babu aliyekuwa fundi seremala aulizwe habari za mabenchi yanayotikisika. Wanaume wengine hawaji kabisa wakidhani ni mkutano wa akina mama. Wawekeeni bao chini ya mwembe, mtawaona.

Mwili nao una haki yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke, siku 3 au zaidi kwa juma. Hayahitaji vyombo. Mzee huketi kitini, husimama bila kujisukuma kwa mikono, huketi tena, mara tano au kadiri awezavyo. Kisha hushika meza na kuinua visigino, na baadaye husimama kwa mguu mmoja, mtu akiwa karibu naye. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu aonwe kwanza na mganga.

Parokia isiyo na gari wala daktari yaweza kuanza na siku moja kwa juma katika ukumbi wake. Vinatakiwa viti vyenye mgongo, uji au chakula cha mchana, na muuguzi mstaafu wa kupima shinikizo la damu. Tena kiangalieni choo kabla ya jambo lingine lo lote. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuchuchumaa, naye ataona haya kusema. Atakaa nyumbani tu. Gongo imara la kushikia ukutani na kiti chenye tundu humaliza taabu hiyo kwa gharama ndogo. Asiyesikia vizuri aketishwe mbele, aangaliwe usoni anaposemeshwa, wala asipigiwe kelele.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Katika mtaa wenu ni wazee wangapi wanaobaki peke yao mchana, na majina yao mnayajua? Kila mmoja wao alikuwa na kazi gani zamani? Ni nani atakayekwenda kuwauliza wenyewe wangependa siku ipi, na ni nani atakayewasindikiza njiani?