UMEFUNIKWA ILI USEME!

Ndugu kijana wa Kasense, umenusurika mara ngapi? Wadhani ni bahati tu? Hapana! Soma Isaya 51:16. Mungu akiweka neno lake kinywani mwa mtu, humfunika pia kwa kivuli cha mkono wake.

Februari 1977 utawala wa Idi Amin ulimwua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Askofu Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule Dodoma, alikimbia na mkewe Mera, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Kwa nini mmoja alikufa na mwingine akapona? Mungu ajua. Lakini aliyepona hakunyamaza! Alihubiri msamaha, hata kwa Amin, mpaka alipofariki 1988.

Na wewe umebakizwa kwa kazi. Tubu leo, mpokee Yesu. Kesho asubuhi mwambie rafiki yako mmoja.