Hesabu ya Mwaka: ya Duka, ya Kazi na ya Nafsi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuwekea mwezi vituo vyake ili waja wapate kuhesabu miaka yao. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, kila mwezi wa Mfunguo Tatu ukikaribia kwisha, twaulizwa hapa Mazinde suala hili: Je, kuna ibada maalumu ya kuufunga mwaka? Na muulizaji aghlabu huwa ni mtu wa duka au wa kazi ya mikono, ambaye miaka mingine miwili ameshazoea kuifunga. Hesabu za serikali hufungwa Juni 30, na za wafanyaji biashara wengi hufungwa Desemba 31. Mwaka wa Hijra hauwangoji hao wala hawa. Mwaka 1446 uliingia katika siku za kwanza za Julai 2024, na mwaka 1447 ukaingia siku za mwisho za Juni 2025. Yaani katika safari moja ya jua, mwezi umetutangulia kwa siku kama kumi na moja. Siku hizo kumi na moja zina khabari kubwa, nasi tutazirejea.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa watu wa mji huu hawana udhuru wa kusema hawajui kuhesabu. Semboja wa Wakilindi alipokaa Mazinde, hatta akafa mwaka 1895, alikaa hapa kwa kuwa ndipo ilipokuwa njia ya misafara itokayo pwani. Na msafara wote ni hesabu: nguo kadha, pembe kadha, wapagazi kadha. Reli ilipofika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakaenea chini ya milima, hesabu ikazidi. Mkata mkonge ajua jioni amekata matita mangapi, na msimamizi ajua, na karani ameyaandika. Basi mtu huyo ambaye matita yake hayampotei hata moja, mwulize mwaka huu amezidi nini katika elimu ya dini yake, au katika kazi ya mikono yake, utamwona anatazama chini.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul-Hashri, aya ya 18, kila nafsi itazame iliyoitangulizia kesho yake. Na Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akiwausia watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Na katika enzi yake ndipo Waislamu walipokubaliana kuhesabu miaka kwa kuanzia Hijra. Khalifa aliyetuwekea tarehe ndiye huyo huyo aliyetuhimiza hesabu.

Aliyelieleza jambo hili kwa lugha ya wafanyaji biashara ni Imamu Al-Ghazali katika Ihyau Ulumiddin, mahali alipotaja murakaba na muhasaba. Asema maana yake ya kuwa akili ni tajiri, na nafsi ni mshirika aliyepewa mali akaichuuze. Tajiri mwenye busara humfanyia mshirika wake mambo kwa taratibu. Humpa sharti kabla ya kumkabidhi mali. Kisha humchungua angali kazini. Kisha huketi naye wakahesabiana. Akimwona amekhini humtia adabu, humbidiisha kwa juhudi zaidi, na humlaumu. Hayo ni sita. Na rasilmali katika biashara hii ni faradhi, faida yake ni sunna na fadhila, na khasara yake ni maasi.

Tuzingatie neno hili la rasilmali, kwani wengi hukosea hapa. Mtu aweza kuhesabu faida nyingi ilhali rasilmali imeliwa. Amehudhuria maulidi saba, amesoma nyiradi, ametoa sadaka ya mchele. Na sala ya Alfajiri imempita miezi minne kwa kuwa lori la mboga kutoka Lushoto huteremka usiku, naye hulala asubuhi. Mwenye duka asemaye amepata faida kabla ya kutazama kama mtaji umetimia, watu wa soko humcheka.

Tena Al-Ghazali ataja ya kuwa wafanyaji biashara huhesabiana na washirika wao kwa mwaka, au kwa mwezi, au kwa siku. Katika nafsi yeye ataka siku: sharti baada ya sala ya Alfajiri, na hesabu jioni. Humo amemtaja mtu mmoja aliyetimiza miaka sitini, akazihesabu siku zake zikawa elfu ishirini na moja na mia tano, akapiga kelele: iweje, na kila siku ina dhambi zake! Kwa hiyo mwisho wa mwaka ni muda mrefu mno kungojewa. Ni siku ya kujumlisha kurasa zilizokwisha andikwa, na asiyeandika hana cha kujumlisha.

Ama kazi ya mikono, baadhi ya watu hudhani haimo katika hesabu hii. Imo. Maulamaa wameziweka kazi zinazowahitajia watu, kama kulima, kufuma na kushona, katika faradhi za kifaya. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kuwa Mwenyezi Mungu ameandika kufanya vizuri katika kila kitu. Basi fundi cherehani na ajiulize: mwaka huu kanzu ngapi zimerudishwa kwangu kwa kuharibika mshono, na je, sababu nimeiondoa? Kijana niliyempokea kwa mzazi wake nimemfundisha kukata kitambaa, au bado namtuma kununua uzi? Mwalimu wa chuo naye asihesabu idadi ya waliohitimu tu. Na atazame ni wangapi wasomao kwa makharaji yaliyo sawa, na yeye mwenyewe amefungua kitabu gani ambacho mwaka jana hakukijua. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini bila ya kujifunza neno amefanya mwaka mmoja mara ishirini.

Sasa turejee kwenye siku kumi na moja. Zaka ya biashara huwajibika kwa kutimia haul, nayo ni mwaka wa mwezi, wa siku 354 au 355. Mwenye kutoa kila Desemba 31 huichelewesha zaka kila mwaka, na ikitimia miaka 33 ya jua, miaka 34 ya mwezi imepita. Zaka ya mwaka mmoja mzima imebaki mkononi mwake, nayo ni haki ya maskini. Wako wa zama hizi wanaomruhusu mwenye hesabu za jua azidishe kiwango kutoka 2.5 katika mia hadi 2.577. Sisi twasema, mwezi waonekana Mazinde bure. Andika tarehe yake ukutani.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, nisabu ya bidhaa hutazamwa mwisho wa haul. Zikisiwe kwa bei ya siku hiyo, wala si kwa bei uliyonunulia. Rafu, mizani na jengo la duka havimo. Deni unalowadai watu limo, na deni unalodaiwa, kwa kauli iliyo na nguvu, haliizuii zaka. Bidhaa zikifika shilingi milioni arubaini, zaka yake ni milioni moja. Kabichi na karoti hazina zaka kwa mkulima wa milimani anapozivuna; lakini mchuuzi azinunuaye ili auze, kwake yeye ni bidhaa. Na haul ya kila mtu huanza siku alipoanza biashara yake, si lazima Muharram, ijapokuwa Imamu Shafii alipendelea mwenye kukusanya zaka atoke katika mwezi huo.

Ama dua ya kufunga mwaka isomwayo na watu, haikuthibiti kwa hadithi sahihi. Mwenye kuomba aombe, pasina kuinasibisha na Mtume. Lililothibiti ni saumu ya Ashura, siku ya kumi ya Mfunguo Nne, ambayo twatumai kwa Mwenyezi Mungu ifute madhambi ya mwaka uliopita. Na ni sunna kufunga na siku ya tisa kabla yake. Imamu Nawawi ameeleza ya kuwa yanayofutwa ni madhambi madogo. Haki za watu hazimo. Kwa hiyo, tangu mwezi uandame hatta siku ya tisa, zipo siku nane: mwenye ujira wa kibarua alioukalia aulipe, mwenye mizani iliyopunguka airekebishe, na mwenye deni asiloweza kulipa amwendee mdai wake, amwombe muda au msamaha, kisha ndipo afunge.

Wallahu aalam.