SOMO KWA WENYE VYOMBO NA MAFUNDI: KUTAYARISHA NYUSO ZA GASKETI WAKATI WA KUBADILISHA MANIFOLDI YA MOSHI



Baina ya mji wa Unguja na Bagamoyo pana bahari ya takriban kilomita 45. Majahazi na mashua huivuka kila msimu, na vingine hufuata pwani ya Mrima kuelekea Saadani, Kipumbwi na Pangani. Wazee wetu walisafiri kwa kungoja Kaskazi na Kusi. Leo vyombo vingi vimetiwa injini ya dizeli, na nahodha huitegemea injini hiyo kama alivyolitegemea tanga. Ikizimika katikati ya mkondo wakati Kusi imechafua bahari, chombo hugeuka ubavu kwa mawimbi, na roho za watu huwa hatarini. Somo hili lahusu kazi moja ndogo ambayo, ikifanywa ovyo, huweza kuleta balaa hiyo.

Manifoldi ya moshi ni kile chuma kilichofungwa ubavuni mwa silinda hedi, kinachokusanya moshi wa kila silinda na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Katika injini nyingi za baharini chuma hicho kina kuta mbili, na baina yake hupita maji ya kupoza. Yakiwa ni maji ya bahari, chumvi huila manifoldi kwa ndani, nje ikionekana nzima. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kubadilishwa kwake. Gasketi hukaa baina ya manifoldi na hedi ili moshi na maji visivuje.

Gasketi isiposhika, madhara ni matatu. Kwanza, maji huweza kuingia katika silinda. Maji hayashindiliki kama hewa, basi pistoni ikipanda, mkono wake huweza kupinda au kuvunjika. Pili, moshi huvujia ndani ya chombo. Moshi huo una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua mtu aliyelala bila ya kumwamsha. Tatu, moshi wa moto mkali ukipuliza kwenye mbao au mipira ya mafuta huweza kuwasha chombo.

Watu wengi hudhani kuwa gasketi mpya hutosha kuondoa mashaka hayo. Sivyo. Gasketi haiwezi kusahihisha uso mchafu, uliochimbika au uliopinda. Kazi hasa ni kuutayarisha uso, na taratibu yake ni hii:

1. Ngoja injini ipoe kabisa. Toa waya wa betri. Funga koki inayoingiza maji ya bahari, kisha mwaga maji yaliyomo katika injini.

2. Legeza nati kwa zamu. Zilizoshikwa na kutu zitiwe mafuta ya kulainisha na ziachwe kwa saa kadhaa. Ukilazimisha, stadi hukatikia ndani ya hedi, na kazi ya siku moja huwa ya juma zima.

3. Manifoldi ikitoka, ziba matundu ya hedi kwa matambara safi, na uyahesabu. Chembe moja ya kaboni au ya msasa ikiingia ndani huweza kukwaruza silinda.

4. Gasketi za zamani huenda zina asbestosi, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesha mabaki kwa maji kabla ya kuyakwangua, wala usiyapulize kwa upepo.

5. Kwangua kwa kisu butu cha chuma, ukikilaza. Ikiwa hedi ni ya aluminiamu, tumia cha plastiki au cha mbao, kwani aluminiamu huchimbika upesi. Usitumie jiwe la kusagia la umeme wala tupa. Mashimo yake hayaonekani kwa macho lakini moshi huyaona. Malizia kwa msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka.

6. Futa uso kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha ukaushe kabisa. Petroli isitumike ndani ya chombo, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo.

7. Pima unyoofu wa nyuso zote mbili, ya hedi na ya manifoldi. Simamisha rula ya chuma kwa urefu, kisha kwa mshazari. Kiasi kinachokubalika kimeandikwa katika kitabu cha injini. Kwa kukadiria tu, karatasi ya kuandikia ina unene wa takriban milimita 0.1. Ikipita chini ya rula bila kukwama, usifunge. Peleka kifaa karakana kikasawazishwe kwa mashine.

8. Manifoldi iliyokwisha tumika ijaribiwe kwanza. Ziba njia zake za maji, ijaze maji, iache usiku kucha. Maji yakipungua au unyevu ukionekana katika njia ya moshi, haifai.

9. Weka gasketi mpya ikiwa kavu, isipokuwa kitabu kimeagiza dawa ya kuzibia. Hakikisha matundu ya maji na ya moshi yamelingana. Toa matambara yote kwa hesabu ile ile.

10. Kaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa duru mbili au tatu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu.

Baada ya hapo fungua koki, rejesha waya wa betri na uwashe injini chombo kikiwa bado kimefungwa gatini. Sikiliza mlio wa kupumua kwenye maungio, na tazama kama pana masizi mapya au matone ya maji. Kitabu kikiagiza, injini ikipoa kaza nati tena. Chombo kisichukue abiria kabla ya majaribio hayo.

Twamalizia kwa nasaha kwa pande mbili. Mwenye chombo asimharakishe fundi kwa kuwa shehena inangoja na maji yanajaa. Saa mbili za kukwangua ni rahisi kuliko kununua injini, na hakuna bei ya roho. Naye afisa anayesimamia chombo cha ofisi asitie saini ya kupokea kazi kwa kuonyeshwa gasketi mpya tu. Aulize kama uso umepimwa kwa rula, na injini iwashwe mbele yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini hapana mahali pa kujengea ukuta.